Barua ya wazi: Kabla ya kitabu cha miaka 70, okoeni kadi za mashine

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya elimu ya ufundi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Waheshimiwa,

Mwaka 2027 chuo chetu kikongwe cha uhandisi kitatimiza miaka 70. Kilianza 1957, siku za mkoloni, kikiitwa Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kufundisha mafundi wa mikono. Mwaka 1962 kikawa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kile ambacho wazee hadi leo wanakiita Dar Tech. Sheria Namba 6 ya mwaka 1997 ikakifanya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Majengo yako palepale, Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed.

Sherehe ya miaka 70 haitakosa kitenge, fulana na kitabu. Kwenye kitenge hatuna neno. Tunaandika kuhusu kitabu, na tunawaandikia ninyi mlioko Dodoma kwa sababu serikali imeleta chuo kipya cha ufundi huku, Nala, barabara ya Singida, na karakana nyingine zinaendelea kufunguliwa kanda hii ya kati. Kitabu cha Dar es Salaam na karakana za Dodoma, kwetu sisi ni shauri moja.

Shauri lenyewe ni hili. Kila mashine iliyowahi kufungwa katika chuo cha ufundi ina kadi yake, karatasi ndogo ya kumbukumbu zake, au ilipaswa kuwa nayo. Kadi hizo, pamoja na michoro ya misingi, vitabu vya mashine, leja za bohari na mitaala ya zamani, ndiyo historia ya chuo. Zikusanywe sasa, kabla hazijatupwa pamoja na karatasi taka, na nakala zake ziletwe Dodoma ziwe mezani kwa mtu atakayepokea mashine mpya.

Vitabu vya maadhimisho tunavijua. Picha ya kukata utepe, orodha ya wakuu wa chuo tangu wa kwanza, salamu za mgeni rasmi, idadi ya wahitimu. Hayo yote yana heshima yake, lakini fundi aliyekwama na leti, mashine ya kukerezea chuma, saa nane mchana hayamsaidii kitu. Yuko tayari kubadilisha orodha nzima ya wakuu wa chuo kwa ukurasa mmoja unaosema beringi ya kichwa cha mashine hiyo ni namba ngapi.

Tuchukue gia moja tu, waheshimiwa muone tunachokisema.

Leti za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 bado zimo katika karakana za nchi hii, na nyingine bado zinakata vizuri. Skrubu kuu ya leti za namna hiyo, ile inayosogeza kisu, ilichongwa kwa inchi, mara nyingi thredi nne kwa inchi moja, yaani hatua (umbali wa thredi moja hadi nyingine) ya milimita 6.35. Ukitaka kukata thredi ya boliti ya M16, ambayo hatua yake ni milimita 2, unahitaji uwiano wa 2 kwa 6.35. Piga hesabu, unapata 40 kwa 127. Namba 127 haikwepeki: inchi moja ni milimita 25.4, mara tano ni 127, na 127 ni namba tasa, haigawanyiki. Kwa hiyo mashine ilikuja na gia ya meno 127, kubwa kama sahani ya pilau, na kwa kuwa haitumiki kila siku ilitundikwa ukutani. Kilichotundikwa na hakiguswi kila siku ndicho kinachotangulia kwenye lori la chuma chakavu.

Gia ikishaondoka, fundi mjanja huweka ya meno 63, kwa uwiano wa 20 kwa 63. Hatua inatoka milimita 2.016. Tofauti hiyo kwa macho si kitu, hata kwa vernia huioni kwenye thredi moja. Sasa funga nati. Inaingia mizunguko mitatu, minne, inaanza kukaza, kijana anaongeza spana, thredi inalika. Kwenye urefu wa milimita 100 kosa limeshafika karibu milimita 0.8. Mwalimu asiyeijua habari ya ile gia anamlaumu mwanafunzi. Siku akichoka kumlaumu mwanafunzi anailaumu mashine kwamba imezeeka, na dokezo la kuifuta kwenye leja linaandikwa. Mashine nzima inakwenda kwa ajili ya gia moja, na gia hiyo inaweza kukatwa upya na mtu yeyote mwenye mashine ya milingi na kichwa cha kugawanyia, kifaa cha kuzungusha kazi kwa sehemu zilizo sawa, mradi awe na mchoro wake: meno mangapi, moduli au pichi gani (ukubwa wa jino), unene, tundu la katikati na njia ya ufunguo. Na angalieni mtego uliopo hapo. Kichwa cha kugawanyia cha kawaida kina uwiano wa 40 kwa 1 na sahani zake za matundu hazina 127, kwa hiyo anayekata gia hiyo lazima ajue kugawanya kwa njia ya tofauti, kwa gia za ziada. Somo hilo limo katika mitaala ya zamani ya ufundi sanifu. Katika baadhi ya mitaala mipya halionekani.

Kadi nzuri ya mashine ingekuwa na mistari miwili tu juu ya jambo hili. Wa kwanza: gia ya 127 ipo, inatunzwa kabati fulani. Wa pili: ukikata thredi ya mita usifungue nati ya skrubu kuu mpaka kazi iishe, toa kisu nje, rudisha kwa kugeuza mota. Mistari miwili tu, na leti ya mwaka 1958 inaendelea kufundisha.

Sasa zidisheni gia hiyo kwa vyuo vyote. Dar es Salaam ilianza na mashine, vipimo na michoro ya Kiingereza. Arusha ilipofunguliwa 1978 ilikuwa kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi ya wakati ule, na viwango vya Kijerumani. Mbeya, 1986, ilisaidiwa na Wasovieti. Leo zabuni nyingi zinaishia China. Kila zama imetuachia thredi zake, namba zake za beringi, oili zake na kitabu cha mashine katika lugha yake. Leti ya Kisovieti ni imara ajabu, tunaisifu bila aibu, lakini bamba lake limeandikwa kwa herufi za Kirusi, na aliyekuwa anajua kwamba mstari wa tatu unataja oili ya sanduku la gia ameshastaafu. Hakuna kosa katika kupokea mashine kutoka pande nne za dunia. Kosa ni kupokea na kutoandika.

Liko jambo jingine ambalo historia ya vyuo hivi inalionesha na vitabu vya sherehe hulipita kwa miguu ya paka. Kila chuo kilipopanda daraja, karakana yake ilipungukiwa watu. Dar es Salaam kilianza na mafundi wa mikono, kikaja cheti kamili cha fundi sanifu, zikaja stashahada za uhandisi, leo kuna shahada. Mbeya kimekuwa chuo kikuu kabisa. Tunafurahi, wahandisi wanahitajika. Ila uwiano unaotajwa miaka nenda rudi na wahandisi wenyewe ni mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano kwa mafundi mchundo ishirini na watano, na chuo kikishavaa joho kinaajiri wahadhiri kwanza. Nafasi ya fundi wa karakana, yule wa ovaroli, inabaki kwenye ikama bila mtu. Mwalimu mwenye shahada ya pili anafika karakana mara moja kwa wiki na wanafunzi sitini, anasimama, anaonesha, wanatazama. Jina la somo ni mafunzo kwa vitendo, na mwenye kutenda ni mmoja.

Kuona hivyo ndiko kunakotufanya tuseme chuo cha Dodoma kisianze na swali la lini kitapandishwa. Kianze na swali la nani anashika ufunguo wa karakana.

Sasa ya huku kwetu. Dodoma si Dar es Salaam, na kadi za pwani hazitajibu kila kitu, lakini zitafundisha nini cha kuandika.

Anzeni na sakafu. Maeneo mengi ya Dodoma yana mchanga wa mawe ya graniti, mzuri tu, lakini mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo udongo huo unapanda na kushuka mara moja kwa mwaka, kama mtu anavuta pumzi. Leti ikiwekwa juu yake, kitanda, yaani mwili wake mrefu wa chini, kinajipinda. Dawa yake ni kuuchimba udongo wote chini ya mashine, kujaza kifusi cha changarawe kwa matabaka ya milimita 150 na kushindilia kila tabaka, kisha kumwaga msingi wa zege unaojitegemea, usiounganishwa na sakafu ya jengo. Zege ikae siku 28 ikimwagiwa maji. Tunajua haraka ya kukabidhi mradi ilivyo, lakini mashine ikikazwa siku ya kumi kwa sababu mgeni rasmi anakuja, boliti zitalegea na msingi utapata nyufa kwenye matundu.

Kisha ni kuleveli, yaani kuilaza mashine sawasawa. Pima maji ya mwashi haifai hapa. Inatakiwa pima maji ya mashine, inayosoma milimita 0.02 kwa mita, na inawekwa kukatisha kitanda upande wa kichwa, kisha upande wa mwisho, kisha kwa urefu. Ukimaliza fanya jaribio la kola mbili: shika chuma cha kipenyo cha milimita 40 au 50 kwenye mdomo wa mashine bila kukishikiza mwisho, acha kola mbili, yaani pete mbili nene kwenye chuma hicho, zilizo umbali wa milimita 150, zikate zote kwa kisu kilekile bila kukigusa, kata nyembamba, pima kwa mikromita. Zikitofautiana zaidi ya milimita 0.02, kitanda kimepinda. Kola ya mbali ikiwa nene, kisu kinakimbia kazi kule mwisho: inua mguu wa mbele wa upande huo kidogo sana, rudia. Andika kipimo kwenye kadi, pamoja na tarehe. Huku kwetu tunapendekeza jaribio hilo lirudiwe Machi, udongo ukiwa umelowa, na Oktoba, ukiwa umekauka. Baada ya miaka mitatu kadi itawaambia kama jengo linatembea, na itakuwa ushahidi mbele ya mkandarasi.

Upepo. Kiangazi vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye saa ya mkononi. Likichanganyika na oili kwenye njia za leti, zile reli za kitandani ambazo kisu hutembea juu yake, linakuwa msasa, na njia ikishalika karibu na kichwa, mahali kazi nyingi hufanyika, hakuna kuleveli kutakakoirudisha. Upepo mwingi unatoka mashariki na kusini-mashariki. Milango mikubwa ya karakana isielekee huko. Kifaa cha hewa ya kupulizia kipigwe marufuku kwenye leti, kwa sababu kinasukuma chembe za chuma chini ya vifutio. Tumia brashi, kisha kitambaa, kisha oili ya njia. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi ziwe za usafi, na ziandikwe kwenye ratiba. Zisipoandikwa, kipindi kinachofuata kitazila.

Maji ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Maji ya visima vya ukanda huu yana chumvi na ugumu, kila mwenye birika anajua. Oili ya kupozea kazi, ile nyeupe kama maziwa, huchanganywa sehemu moja ya oili kwa ishirini ya maji, na oili ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, maji hayamiminwi ndani ya oili. Kwenye maji magumu mchanganyiko unakatika: juu utando kama wa uji uliopoa, chini maji yenye kutu, na baada ya likizo ya wiki mbili tangi linanuka na kitanda kina madoa mekundu. Paa la karakana la mita 600 za mraba, kwa mvua ya Dodoma ya milimita 570 hivi kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, linakupa zaidi ya lita 270,000 za maji laini. Mifereji na tangi viingie kwenye mchoro wa jengo tangu mwanzo. Kwa betri za maabara ya umeme, hata hayo ya mvua hayatoshi, yanatakiwa maji yaliyokenekwa (distilled).

Umeme tutausema kwa ufupi. Fezi moja ikikatika, mota ya fezi tatu inayozunguka haisimami mara moja. Inanguruma, inavuta mkondo mkubwa kwenye fezi mbili zilizobaki, na ndani ya dakika chache inanuka. Kilinzi cha kukosa fezi kifungwe kwa kila mashine, kwa sababu kile kimoja cha kwenye bodi kuu hakitoshi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kusuka mota upya.

Turudi kwenye makaratasi, kwa sababu ndiyo yenye haraka. Mashine ni chuma, inaweza kusubiri. Karatasi haisubiri.

Kazi ianzie bohari na karakana. Masijala iachwe nyuma, kwa kuwa majalada ya masijala yana mtu wa kuyalinda na yana namba. Yasiyo na mwenyewe ni yale ya kwenye droo ya mwisho ya kabati la chuma, chini ya tupa na vipande vya msumeno. Humo mtakuta kitabu cha mashine kimefungwa kwa waya, kadi yenye alama za vidole vya grisi, mchoro wa msingi uliokunjwa mara nane. Usiukunjue kwa nguvu. Ukunjue nusu, uache siku moja juu ya meza penye kivuli, uendelee. Michoro ya buluu iliyotolewa kwa amonia inafifia kwenye mwanga, kwa hiyo isibandikwe ukutani, na isilazwe pamoja na picha au karatasi nyingine kwa sababu inaziharibu. Pini za stepla zitolewe, zina kutu. Laminesheni isipigwe kabisa: joto na gundi vinakamata karatasi milele, na mtu akija na njia bora baadaye hawezi tena. Grisi ifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Petroli itaondoa na wino.

Skani ni nukta 300 kwa inchi kwa maandishi, 400 kwa michoro, na kila mchoro upigwe pamoja na rula ya chuma pembeni ili kipimo kijulikane hata nakala ikipunguzwa. Jina la faili liwe na namba ya mashine. Majina kama "skani mpya ya mwisho kabisa namba mbili" tumeyaona, na hakuna anayekuja kuyajua. Karatasi zenyewe zilazwe kwenye shelfu za chuma, sentimita 15 kutoka sakafuni na sentimita 10 kutoka ukutani, kwa sababu mchwa wa kanda ya kati hupita ukutani na anapenda boksi la karatasi kuliko mti wenyewe.

Namba ya mashine mara nyingi imepigwa kwenye kitanda chenyewe, upande wa mwisho, chini ya rangi matabaka manne. Bamba likishang'olewa, na mabamba ya shaba hung'olewa, hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki. Lainisha rangi kwa dawa ya kuondolea rangi na kitambaa, usitumie msasa, kisha sugua chaki ya ubaoni ndani ya tarakimu; zinasomeka na zinapigika picha. Kwa namba hiyo, pale mtengenezaji au mrithi wake angalipo, unaweza kujua mwaka mashine ilipotoka kiwandani na vipuri gani vinaiingia.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 imeshaweka utaratibu wa nyaraka za umma, na Idara ya Kumbukumbu ina kituo hapahapa Dodoma. Hakuna haja ya kuunda kamati mpya. Kuna haja ya barua moja kwenda kwa wakuu wa vyuo: kabla ya mashine yoyote kufutwa kwenye leja, kadi yake, kitabu chake na picha ya namba yake viwe vimeshapokelewa, na mpokeaji asaini. Dokezo la kufuta mashine lisilo na saini hiyo lirudishwe lilikotoka. Watu wa ugavi watanung'unika wiki mbili, kisha watazoea.

Anayedhani karatasi za miaka mingi hazina faida, asiende mbali. Aende Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini hapa mjini. Idara ya jiolojia ilianzishwa 1925, na ramani zake za robo digrii pamoja na sampuli za miamba zilizokusanywa na watu waliotembea kwa miguu bado zinatafutwa na kampuni zinazotaka kujua pa kuchimba. Wale hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na daftari, namba kwenye kila jiwe, na mtunza droo. Chuo cha Madini, kilichoanza 1982 mji huuhuu, kiliota kando ya akiba hiyo, na haishangazi.

Basi na karakana zinataka mtunza droo. Hapo tunarudi kwa yule mtu wa ovaroli. Chuo chenye karakana nne, yaani kukereza, kuchomelea, umeme na magari, kinahitaji fundi wa karakana mmoja kwa kila moja na mtunza bohari ya zana mmoja, wa kudumu, wenye ngazi ya mshahara inayopanda bila kuwalazimisha kwenda kusoma shahada ili wapate nyongeza. Wakilazimishwa wataondoka kwenye jiriwa waende darasani, na tutakuwa tumerudia yaleyale.

Bohari ya zana iendeshwe kwa vibao vya shaba, mtindo wa zamani ambao haujapata mshindani. Kila mwanafunzi anapewa vibao vitano vyenye namba yake. Akichukua mikromita anaacha kibao kwenye msumari wa mikromita. Saa kumi mtunza bohari anatazama ukuta kwa sekunde kumi, anajua nani ana nini. Kompyuta inaweza kuongezwa, lakini umeme ukikatika ukuta bado unasomeka.

Na vifaa vinavyoisha viwe na fungu lake, lisilochukuliwa kwa safari wala semina. Hesabu si ngumu. Wanafunzi 25 wa kuchomelea, kila mmoja vijiti kumi kwa siku, ni vijiti 250. Pakiti ya kilo tano ya vijiti vya milimita 3.2 ina takriban 140. Ni karibu pakiti mbili kwa siku, kila siku ya karakana, na bado hujanunua bamba la kuchomelea. Chuo kinachonunua pakiti kumi kwa muhula kimeshaamua, hata kama hakijui, kwamba wanafunzi wake hawatachomelea. Leja za zamani zitawaonesha waliotutangulia walinunua ngapi kwa wanafunzi wangapi, na hapo hakuna atakayesema tunatia chumvi.

Tunaomba basi mambo matatu, na tarehe zake. Barua ya kuzuia kufuta mashine bila kadi itoke kabla ya robo hii ya mwaka wa fedha kwisha. Mtu mmoja katika kila chuo kikongwe, Dar es Salaam, Arusha na Mbeya, apewe miezi sita, skana ya ukubwa wa A3, na ruhusa ya kufungua kila droo, akae na wastaafu waliokuwa wakitumia mashine hizo wakiwa bado wana kumbukumbu, ajaze yasiyoandikwa. Na karakana za Dodoma zisipokee mashine kutoka kwa mzabuni bila kitabu chake kwa Kiswahili au Kiingereza, mchoro wa msingi, orodha ya beringi na mikanda, na seti kamili ya gia za kubadilisha, ikahesabiwa jino kwa jino mbele ya fundi wa karakana, naye ndiye asaini wa kwanza.

Kitabu cha miaka 70 kikitoka, kiwe na kurasa za nyuma: mashine gani ilikuja mwaka gani, ilitoka wapi, ilifungwa jengo lipi, iko wapi leo. Picha ya mgeni rasmi inaweza kubaki mbele.

Kadi tupu tumeichora, ukubwa wa A5, karatasi nene, pande mbili. Mbele ni jina, namba, nchi, mwaka wa kupokelewa, volti, oili, beringi, mikanda, gia za ziada na zinakotunzwa. Nyuma ni safu nne: tarehe, kilichoharibika, sababu yake, jina la aliyetengeneza. Safu ya tatu ndiyo ambayo watu huiacha wazi. Tumeipa nafasi pana kuliko nyingine.

Wenu katika kazi,

Walimu wa karakana na mafundi sanifu,
Dodoma.